Mfalme wa Sarafu na Kiti Asichostahili

Wakusanyaji wa sarafu za Marekani wana desturi ya kuiita dola moja ya fedha "mfalme wa sarafu." Dola hiyo ina tarehe ya 1804. Zinazojulikana ulimwenguni ni chache mno, na kila mojawapo ipelekwapo mnadani magazeti huandika habari zake kwa herufi nene, kana kwamba mtoto wa mfalme amezaliwa. Mwaka 1999 moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Sarafu iyo hiyo ilipouzwa tena mwaka 2021 ilipata dola milioni 7.68.

Mimi nasema kwamba cheo hicho kimetolewa bila ya haki. Hakuna hata moja katika sarafu hizo iliyopigwa mwaka 1804. Tarehe iliyochorwa juu yake si ya kweli, na wanaoinunua wanajua hivyo, na wanaoiuza wanajua hivyo. Wakati huo huo kuna dola nyingine za zama zile, zilizopigwa katika miaka iliyoandikwa juu yake, zikapita katika mikono ya wachuuzi, mabaharia na wahunzi, na hizo huwekwa katika masanduku ya chini na kuitwa sarafu zilizochakaa. Uongo umeketi kitini, na ukweli umesimama mlangoni. Vijana mnaosoma historia mna haki ya kuuliza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Tuanze na dola za kweli. Marekani ilipojitenga na Uingereza haikuwa na sarafu yake ya fedha. Watu walinunua na kuuza kwa sarafu za kigeni, na iliyopendwa kupita zote ilikuwa reale ya Kihispania, iliyopigwa kwa fedha iliyochimbwa Meksiko na Peru. Reale hiyo haikuwa ngeni kwa wazee wetu wa pwani. Wao waliona nguzo mbili zilizochorwa juu yake, wakazifananisha na mizinga, wakaiita reale ya mzinga. Basi sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 iliamuru kwamba dola ya Marekani iwe na thamani sawa na reale ile. Kwa vipimo vya leo uzito wake ulikuwa karibu gramu 27, na katika hizo gramu 24 na kidogo zilikuwa fedha safi. Sheria hiyo hiyo ilikuwa kali: mtumishi wa kiwanda cha sarafu ambaye angepunguza ubora wa fedha kwa kusudi la kujinufaisha, adhabu yake ilikuwa kifo. Tafadhali likumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Kiwanda kilijengwa Philadelphia, na mkuu wake wa kwanza alikuwa David Rittenhouse, mtu mashuhuri kwa elimu ya nyota. Lakini kuwa na kiwanda ni jambo moja na kupiga fedha ni jambo jingine. Sheria ilitaka mkuu wa wapiga sarafu na mpimaji wa madini waweke dhamana ya dola 10,000 kila mmoja kabla ya kugusa dhahabu au fedha, na watu hao hawakuwa matajiri. Kazi ikakwama mpaka Bunge lilipopunguza dhamana hiyo mwaka 1794. Tarehe 15 Oktoba ya mwaka huo dola za kwanza zilitolewa. Zilikuwa 1,758 tu. Mtambo uliotumika ulitengenezwa kwa ajili ya sarafu ndogo, nao haukuwa na nguvu ya kukandamiza kisahani kipana cha fedha. Kwa hiyo katika dola nyingi za mwaka huo nyota za upande wa kushoto zimefifia, utadhani mkono wa mpigaji ulichoka kabla ya kazi kwisha. Iliwabidi wangoje mwaka uliofuata, ulipopatikana mtambo wenye nguvu zaidi.

Naomba msomaji akae kidogo na sarafu hizi, kwa sababu hapa ndipo ulipo utajiri ambao wapenda bei hawauoni. Kila kisahani kilipimwa kabla ya kupigwa. Kikizidi uzito, kilikwanguliwa kwa tupa mpaka kikalingana na sheria, na mikwaruzo ya tupa ile huonekana hata leo chini ya nywele za yule mwanamke aliyechorwa, ambaye ndiye mfano wa Uhuru. Kikipungua, baadhi yao walikitoboa katikati na kukitia kizibo kidogo cha fedha, kisha kikapigwa pamoja na kizibo chake. Usoni na mgongoni mwa dola hizo hapakuandikwa thamani yake. Maneno ya kusema kwamba ni dola moja ya senti 100 yalichapwa ukingoni tu, mahali ambapo mwenye haraka hatazami. Mihuri ya chuma ilichorwa kwa mkono na nyota zake zikagongwa moja moja, hata hapakuwa na muhuri uliofanana kabisa na mwenzake. Mwaka 1950 M. H. Bolender alitoa kitabu kinachozipambanua dola hizi kwa alama za mihuri yake, na mkusanyaji mwenye subira aweza kuitambua yake kwa mahali ilipokaa nyota moja au kwa ufa mdogo uliotokea chuma kilipoanza kupasuka.

Hata hesabu ya nyota ni somo. Dola za kwanza zina nyota 15, kwa kuwa majimbo yalikuwa 15. Tennessee ilipoingia mwaka 1796, nyota zikawa 16. Kisha wakubwa wa kiwanda wakang'amua kwamba majimbo yakizidi kuongezeka, nyota zitakosa pa kukaa. Wakarudia 13, idadi ya majimbo yaliyoasi pamoja. Taifa changa likijifunza kuhesabu watoto wake juu ya kipande cha fedha! Na juu ya kichwa cha mwanamke yule limeandikwa neno la kumaanisha Uhuru, katika nchi ambayo maelfu kwa maelfu ya watu weusi walifanya kazi bila ya ujira wa hata dola moja. Hilo nalo limo katika sarafu, kwa atakaye kulisoma.

Nisidhaniwe kwamba nawasifu wapiga sarafu wa kwanza kana kwamba walikuwa malaika. Mpimaji wao alishawishi kwamba fedha iongezwe ubora kupita kipimo cha sheria, na wananchi walioleta fedha yao kiwandani wakapata hasara; mmoja wao alidai haki yake Bungeni mpaka akalipwa. Lakini kosa hilo lilijulikana, likadaiwa, likalipwa.

Dola hizo hazikuishi raha. Ilikuwa desturi kwamba mtu aletaye fedha kiwandani hupigiwa sarafu bila ya malipo. Wafanyabiashara wakagundua hila. Walizipeleka dola mpya katika visiwa vya Karibi, ambako zilipokewa moja kwa moja na reale za Kihispania zilizozidi uzito kidogo. Wakazirudisha reale hizo Philadelphia, zikayeyushwa, zikapigwa kuwa dola, na mzunguko ukaanza tena. Serikali ilijikuta inafanya kazi kwa faida ya walanguzi. Mwaka 1804 dola 19,570 zilipigwa, na huo ukawa mwisho. Mwaka 1806 ikatoka amri kwamba zisipigwe tena. Lakini angalia: dola zile za mwaka 1804 zilipigwa kwa mihuri ya miaka iliyotangulia, kwa kuwa chuma kizuri kilikuwa ghali na muhuri uliokuwa bado mzima haukutupwa. Kwa hiyo zilikuwa na tarehe ya 1803 au ya kabla yake. Daftari iliandika kwamba dola zilipigwa 1804, na daftari haikusema uongo. Walioisoma miaka 30 baadaye ndio walioteleza.

Sasa habari inavuka bahari na kuja upande wetu. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifika Maskati kwa manowari Peacock, akafanya mapatano ya urafiki na biashara na Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani pamoja na Unguja na sehemu kubwa ya pwani yetu. Mapatano hayo ndiyo yaliyowapa wafanyabiashara wa Marekani ushuru wa asilimia 5 na mlango wa soko la Unguja, ambako walileta nguo tulizoziita merikani na kuchukua pembe na sandarusi. Mwaka 1834 Roberts alipotayarishwa kurudi na mapatano yaliyothibitishwa, serikali yake iliagiza zipelekwe zawadi, na miongoni mwa zawadi hizo ziwe seti kamili za sarafu za Marekani, moja ya Seyyid Said na moja ya mfalme wa Sayamu, nchi ambayo leo huitwa Tailandi.

Seti kamili ilitaka iwe na dola, na dola ilikuwa imeachwa kupigwa kwa miaka 30. Maofisa wa kiwanda wakafungua daftari, wakakuta mwaka wa mwisho ni 1804, wakatengeneza muhuri wenye tarehe hiyo. Ndivyo ilivyozaliwa dola ya 1804, mwaka 1834. Peacock ilikwama kwenye kisiwa cha Masira mwaka 1835, na Roberts ilimbidi aingie katika mashua ndogo ili afike Maskati, zawadi zikakabidhiwa. Mwaka uliofuata alizifikisha nyingine Sayamu, kisha akafa Makau kabla ya kuiona Japani.

Sizilaumu sana dola nane za kundi hili la kwanza. Zilikuwa zawadi, wala hazikukusudiwa kununulia kitu. Lawama inaanza pale zilipogeuka kuwa mawindo. Mwaka 1842 maofisa wawili wa kiwanda walichapisha kitabu chenye picha ya dola ya 1804. Wakusanyaji wakashtuka: hapana aliyekuwa nayo. Mwaka 1843 mmoja wao aliipata kwa kubadilishana na kiwanda chenyewe. Ikawa sasa ofisi ya serikali ni mchuuzi wa kitu adimu, na uadimu huo ni wa kazi ya mikono yake.

Baada ya mwaka 1857 kukusanya sarafu kulishika moto Marekani, na humo kiwandani watu walijifungia wakapiga dola nyingine za 1804 kwa siri. Zinazojulikana za kundi hili la mwisho ni chache. Iko na nyingine ya peke yake, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la ukumbusho la Smithsonian, Washington. Hiyo haikupewa hata kisahani kipya. Waliichukua sarafu ya Uswisi ya 1857 wakaipiga juu yake, na mabaki ya alama za Uswisi bado yanaonekana chini ya tai wa Marekani. Sarafu ya 1804 imekaa juu ya mgongo wa sarafu ya 1857! Mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba baba hawezi kuzaliwa baada ya mwanawe.

Kisha zikaja hadithi. Ilisemwa kwamba dola za 1804 zilizama baharini, ilisemwa zilipelekwa Uchina, ilisemwa walilipwa nazo mabaharia waliopigana Tripoli. Hadithi hizo ziliongeza bei, na hapana ofisa aliyesimama kuzikanusha kwa sauti. Hapa ndipo ninapoirudia ile adhabu ya kifo. Sheria ya 1792 iliogopa mtumishi atakayeharibu fedha ya sarafu. Haikumfikiria mtumishi atakayeacha fedha safi kama ilivyo, akaharibu tarehe. Lakini sarafu ni barua ya serikali kwa raia wake. Uzito ni ahadi, muhuri ni sahihi, na tarehe ni ushahidi. Aliyeghushi ushahidi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba karatasi ilikuwa nzuri.

Ukweli ulipatikana kwa subira. Mwaka 1962 Eric P. Newman na Kenneth Bressett walitoa kitabu, The Fantastic 1804 Dollar, kilichoonyesha kwamba shanga zilizozunguka ukingo wa uso wa sarafu hiyo na namna ilivyopigwa ni mambo ya miaka ya 1830, wala hayakujulikana kiwandani mwaka 1804. Kazi yao ikiwa karibu kuchapwa, seti iliyopewa mfalme wa Sayamu ilijitokeza hadharani, na dola yake ya 1804 ndani. Hapana ushindi mzuri kwa mtafiti kama huo. Ungedhani basi kwamba tangu hapo mfalme angevuliwa taji. La hasha! Bei iliendelea kupanda.

Wapo watakaonijibu kwamba sarafu hizo zilipigwa na kiwanda cha serikali, kwa mtambo wa serikali, kwa hiyo ni halali. Jibu hili linanitisha kuliko mengine, kwa sababu linafundisha kwamba muhuri wa ofisi waweza kuugeuza uongo kuwa kweli. Mwanafunzi akipokea cheti chenye alama alizozitunga karani, je, cheti kitakuwa cha kweli kwa kuwa muhuri wa shule haukuibwa?

Wengine watasema kwamba thamani hutokana na uchache. Haya. Lakini dola za 1804 ni chache kwa sababu waliozipiga walitaka ziwe chache, na dola za 1794 ni chache kwa sababu mtambo ulikuwa dhaifu na miaka 200 ni mingi. Uchache wa kwanza ni bidhaa. Wa pili ni historia. Nikiri kwamba soko halikuisahau dola ya 1794: moja iliuzwa mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Hata hivyo iliyouzwa ni ile iliyong'aa kuliko zote. Dola ya 1794 iliyotumika ikafifia hupewa sifa ndogo, na ile ya 1799, mwaka ambao kiwanda kiliandika dola 423,515, hutazamwa kama kitu cha kujifunzia tu. Nami nauliza: kuna aibu gani katika kujifunza?

Lipo pingamizi moja lenye nguvu, nalo ni la kwetu. Ile iliyoitwa reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresia wa Austria, ina tarehe ya 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, na imepigwa kwa tarehe hiyo hiyo kizazi baada ya kizazi. Je, nayo ni uongo? Sivyo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa Unguja waliikubali kwa sura waliyoizoea. Tarehe ilikuwa sehemu ya sura hiyo, kama chapa juu ya robota la kitambaa. Hapakuwa na aliyelipa zaidi kwa kudhani kwamba Maria Theresia mwenyewe aliishika. Tarehe iliyokubaliwa na wote kuwa alama haimdanganyi mtu. Tarehe iliyofichwa asili yake ili iuzwe kuwa ajabu humdanganya kila aiaminiye.

Kinachonichoma zaidi ni majina. Dola iliyouzwa 1999 na 2021, ambayo wajuzi wengi huamini kwamba ndiyo ile aliyopewa Seyyid Said, katika orodha za mnada hutajwa kwa majina ya matajiri walioimiliki baadaye: Watters wa Liverpool, Childs, Pogue. Mtawala aliyepewa, mapatano yaliyofanya ipigwe, bandari zilizofunguliwa kwa ajili yake, hayo huwekwa mwishoni kama kiungo cha kuongeza ladha. Aliyenunua ametangulizwa mbele ya aliyepewa. Sishangai, maana mnunuzi ndiye anayelipa gharama za kuchapa orodha.

Nami sitaki dola hizo zitupwe wala zivunjwe. Nataka vibandiko vyake viandikwe upya. Ile ya Maskati iandikwe: "Sarafu ya zawadi, ilipigwa Philadelphia 1834, akapewa Seyyid Said bin Sultan 1835." Zile za kundi la mwisho ziandikwe: "Zilipigwa kwa siri baada ya 1857, zikapewa tarehe isiyo yake." Na katika kabati lililo mbele kabisa, penye taa, iwekwe dola moja ya 1799 iliyochakaa mpaka nywele za mwanamke zimekuwa laini kama jiwe la mtoni, imelazwa upande ili ukingo wake usomeke.